Gombo la Urefu wa Mtu

Katika nchi ya Meru wazee walisimulia habari za Mugwe, mtu wa baraka, ambaye hakuwa jemadari wala hakimu bali mwombezi wa watu wake. Padre mmoja Mwitaliani, Bernardo Bernardi, aliyekaa Meru na kuwauliza wazee, aliandika kitabu juu yake kilichochapwa mwaka wa 1959. Miongoni mwa mambo aliyoelezwa na Waimenti ni kwamba mkono wa kushoto wa Mugwe haukupaswa kuonekana na mtu yeyote. Aliuficha chini ya vazi lake, kwa maana humo ndimo ilimokaa nguvu ya kubariki, na aliyethubutu kuutazama alikuwa ameyatafuta mauti yake mwenyewe.

Nimeanza na mkono huo kwa sababu mwanafunzi wa Kangeta, hata ikiwa hajapata kuona gombo lililochorwa kwa mkono, tayari anao ufunguo wa kuyafahamu magombo ninayotaka kuyaeleza. Sisi tuliosoma shule tumezoea kudhani kwamba picha huchorwa ili itazamwe, na ya kuwa picha nzuri ni ile inayotazamwa na watu wengi. Ziko picha ambazo hazikuchorwa kwa nia hiyo.

Apandaye vilima vya Nyambene juu ya Kangeta na kutazama kaskazini huiona nchi ikishuka hata kuwa tambarare kavu. Barabara itokayo Isiolo hukata tambarare hizo, hupita Marsabit, hufika Moyale, na huko huvuka mpaka. Ng'ambo ya mpaka nchi hupanda tena kidogo kidogo, mpaka kufikia nyanda za juu za Ethiopia, ambayo watu wa pwani tangu zamani waliiita Uhabeshi. Watu wa Harar hulima mti ule ule ambao Waigembe huuita miraa. Wao huuita chat. Lakini tuiache miraa, maana wasemaji wake ni wengi, tuendelee kaskazini zaidi, katika nchi ya Waamhara na Watigrinya, mpaka Gondar na Aksum.

Mfalme Ezana wa Aksum alipokea Ukristo katika karne ya 4, na tangu hapo Wahabeshi hawakuacha kuandika na kuchora mambo ya dini yao. Katika nyumba ya watawa ya Abba Garima, karibu na Adwa, zimo Injili zilizoandikwa juu ya ngozi na kupambwa kwa picha za rangi; wataalamu waliozipima wameona kwamba umri wake haupungui miaka 1,300, na huenda ukazidi 1,500. Ngozi, wino, kalamu ya tete na rangi ni mambo yaliyokuwa nyumbani huko kabla Ulaya ya kaskazini haijajua vizuri kusoma. Injili hizo ni za kanisa zima. Gombo ni jambo jingine, kwa sababu gombo lina mwenyewe.

Waamhara huliita ketab. Msomaji atatambua mara moja kwamba neno hilo ni ndugu wa neno letu kitabu; yote mawili yametoka katika shina moja la kale la lugha za Kisemiti, lenye maana ya kuandika. Hata hivyo kazi yake ni ya hirizi. Na kama vile watu wa Lamu na Mombasa walivyokunja aya zilizoandikwa na kuzishonea katika ngozi ili mtoto azivae shingoni, ndivyo Mkristo wa Uhabeshi alivyokunja maombi yake katika mrija wa ngozi na kuuvaa kwa kamba. Tofauti moja ni kwamba ndani ya mrija ule mlikuwa na picha.

Aliyelitengeneza aliitwa debtera. Huyu si padre. Ni msomi wa kanisa aliyejifunza kwa miaka mingi kuimba nyimbo za ibada na kuchezea fimbo ya maombi mbele ya madhabahu, tena anayejua Kigeezi, lugha ya kale ambayo haisemwi nyumbani mwa mtu tangu miaka mingi, lakini ingali lugha ya ibada. Mchana debtera alikuwa mwimbaji wa kanisa. Usiku, au faraghani, baadhi yao walikuwa waganga: walijua mizizi, walijua nyota, na walijua majina ya siri ya Mungu. Watu waliwaheshimu na kuwaogopa kwa wakati mmoja, na nadhani kila kijiji cha Afrika kimepata kuwa na mtu wa namna hiyo.

Mgonjwa alipomjia, debtera alimwuliza jina lake la ubatizo na jina la mama yake. Herufi za majina hayo alizihesabu, na katika hesabu hiyo akaijua nyota ya mgonjwa, na katika nyota akajua ni mnyama gani achinjwe, kondoo au mbuzi, na wa rangi gani. Mnyama alikuwa badala ya mgonjwa. Ngozi yake ililowekwa, ikawambwa kwenye fremu ya miti, ikaparuzwa nywele na mafuta mpaka ikawa nyeupe na laini, kisha ikakaushwa na kukatwa vipande vyembamba, upana wake kama kiganja au kupungua. Vipande viwili au vitatu viliungwa kwa uzi wa ngozi, mwisho wa kimoja kwenye mwanzo wa kingine. Urefu wake wote ulipaswa kulingana na kimo cha mwenye gombo.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Gombo lilipimwa kama nguo au kama sanda. Kama mwenyewe alikuwa mrefu, gombo lilikuwa refu. Kama alikuwa mtoto, lilikuwa fupi. Sababu ni kwamba lilipasa kumlinda tangu utosi hata nyayo, pasiwe na mahali pa mwili wake palipoachwa bila neno. Basi gombo lililonyoshwa chini lilikuwa kama mtu mwingine aliyelala kando ya mgonjwa, mtu wa ngozi aliyeandikwa mwili mzima.

Maandishi yalikuwa ya rangi mbili. Wino mweusi ulifanywa kwa masizi, na kwa huo yaliandikwa maombi yenyewe. Wino mwekundu uliwekwa kwa mwanzo wa kila ombi, kwa majina matakatifu, na kwa jina la mwenye gombo. Jina hilo halikuandikwa mara moja tu. Kila ombi lilipofika mahali pa kutaja nani alindwe, debtera aliandika jina la ubatizo, akimwita mtumishi au mjakazi wa Mungu, na wekundu wake ulionekana tena na tena katika safu ya weusi, kama matone. Katika magombo mengi jina hilo ni la mwanamke.

Ukitaka kujua kwa nini, sikiliza hadithi ya Susenyos, ambayo ni miongoni mwa zile zilizoandikwa mara nyingi zaidi katika magombo. Susenyos alikuwa mtu aliyeoa, na mkewe akazaa mtoto wa kiume. Akaja mwanamke jina lake Werzelya, naye alipoingia nyumbani mtoto akafa. Wengine husimulia kwamba Werzelya alikuwa dada yake Susenyos mwenyewe. Mama akalia, baba akatwaa mkuki wake, akapanda farasi, akamfuata mwuaji. Njiani alimwuliza kikongwe, naye akamwonyesha bustani. Humo Werzelya alikaa chini ya mti, amezungukwa na jeshi la mashetani. Susenyos alishuka, akaelekea mashariki, akaomba apewe nguvu. Kisha akapanda tena na kumchoma mkuki ubavuni. Werzelya alipokuwa akifa aliapa kwamba mahali popote litakapotajwa jina la Susenyos, yeye hatakaribia, wala hatamgusa mtoto wa nyumba hiyo.

Hadithi ni fupi, na mtu aliyeshiba na mwenye hospitali karibu aweza kuicheka. Asiyecheka ni mama aliyekwisha kuzika watoto wawili na sasa anamngoja wa tatu. Zamani, katika milima ya Uhabeshi kama katika milima yetu, ilikuwa jambo la kawaida mtoto kufa kabla hajajua kutembea, na mimba kuharibika bila sababu iliyojulikana. Mama alitaka kujua jina la adui wake. Gombo lilimpa jina hilo, kisha likampa na jina la aliyemshinda. Ndiyo maana wanawake waliyavaa shingoni wakati wa mimba, na magombo mapana zaidi yaliangikwa ukutani karibu na kitanda.

Sasa tuzitazame picha. Kwa desturi zilikuwa tatu: moja juu, moja katikati, moja karibu na mwisho, nazo maandishi yalizizunguka. Iliyotangulia mara nyingi ilikuwa malaika, Mikaeli au Gabrieli, amesimama wima, mabawa yamekunjwa pande zote mbili, upanga mkononi. Hana mwendo wowote. Anasimama kama askari mlangoni, wala hageuki kumtazama mpita njia. Katika magombo mengine Susenyos mwenyewe yuko juu ya farasi, na Werzelya yuko chini ya kwato.

Picha ya pili aghalabu ni ya ajabu zaidi: nyota yenye ncha nane, na katikati yake uso wa mtu, uso usio na mwili, wenye macho makubwa yaliyofunguka. Ni uso wa nani? Debtera mmoja atasema ni wa malaika, mwingine atasema ni wa Mungu mwenyewe, mwingine ni wa pepo aliyenaswa. Ncha nane hupanuka kama mabawa au kama miale, na katika pembe za mraba unaoizunguka yamewekwa macho mengine, macho matupu yasiyo na uso. Pengine ukurasa mzima ni vyumba vidogo vya mraba kama wavu wa mvuvi, na katika kila chumba limo jicho au msalaba.

Wavu huo una hadithi yake. Husimuliwa kwamba Mfalme Sulemani alikamatwa na mashetani waliokuwa wahunzi, nao walitaka kumwangamiza. Akalitamka jina la siri, akafunguka, kisha akawatega wao kama samaki. Ombi la Wavu wa Sulemani limo katika magombo mengi, na vyumba vile vya mraba ni wavu wenyewe, uliotegwa juu ya ngozi ili pepo akiingia asipate njia ya kutoka.

Na macho? Mfaransa Jacques Mercier, aliyejifunza kwa madebtera kwa miaka mingi na kuandika vitabu juu ya kazi yao, ameeleza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo yote. Mgonjwa aliyeingiwa na pepo hunyoshewa gombo mbele ya uso wake. Anayelitazama si mgonjwa peke yake, kwa maana pepo yumo ndani yake na hutumia macho yake kama madirisha. Pepo hutazama nje, na huko nje hukutana na macho yanayomtazama yeye, hayapepesi wala hayaondoki. Ndipo hupiga kelele na kukimbia. Basi picha ile haikuwa pambo, wala haikuwa mafunzo kwa wasiojua kusoma, kama picha za ukutani kanisani. Ilikuwa silaha, na shabaha yake ilikuwa mtazamaji mmoja tu ambaye sisi hatumwoni.

Katika nchi ya Tibet, juu ya milima ya Himalaya, wafuasi wa Buddha nao huchora picha za ibada zinazokunjwa, ziitwazo thangka, na yafaa kuzilinganisha. Thangka huchorwa juu ya kitambaa cha pamba kilichopakwa chokaa na gundi na kusuguliwa mpaka kikawa laini kama kigae. Mchoraji hupiga kwanza mistari ya vipimo, kwa maana mwili wa Buddha una kimo na upana uliowekwa na mapokeo, wala mchoraji hana ruhusa ya kuuongeza au kuupunguza kwa mapenzi yake. Rangi za kale hutoka katika mawe yaliyosagwa, buluu na kijani. Mwisho wa kazi ndipo huchorwa macho, na huko kuitwa kufungua macho. Nyuma ya kitambaa huandikwa silabi takatifu, kisha picha hubarikiwa. Tangu hapo si kitambaa tena, ni makao.

Mambo mawili yanafanana sana: maneno na picha katika kitu kimoja, na heshima ile kuu kwa jicho. Lakini thangka hukunjwa ili isafiri, maana watawa na wachungaji wa Tibet walihama-hama. Ikifika hukunjuliwa, huangikwa, na watu huikalia mbele wakitafakari. Vipimo vyake ni vya Buddha. Gombo la Uhabeshi hukunjwa kwa sababu kukunjwa ndiyo hali yake, na vipimo vyake ni vya mama fulani wa Gondar. Ukiniuliza lipi kati ya hayo mawili ni sanaa kubwa zaidi, nitakujibu kwamba thangka ni nzuri zaidi. Ukiniuliza lipi lilimkaribia mtu zaidi, sitasita kukutajia gombo.

Kanisa la Uhabeshi halikupendezwa na mambo haya. Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala tangu 1434 hata 1468, aliwapiga vita waganga na watazamia nyota kwa ukali mwingi. Mfalme huyo huyo alipenda picha takatifu. Katika enzi yake mtawa Fre Seyon alichora juu ya mbao picha za Mariamu na Mwana ambazo bado zimehifadhiwa, mojawapo katika kisiwa cha Daga Estifanos, ziwani Tana. Picha hizo ziliwekwa mbele ya watu wote na kusujudiwa hadharani. Na bado mfalme aliwaamuru raia waandike jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu kwenye vipaji vya nyuso zao, na mikononi maneno ya kumkana Shetani. Mimi naona kwamba hapo adui wa hirizi aliwageuza watu wake wote kuwa hirizi. Desturi ilikuwa na nguvu kumshinda, na madebtera waliendelea kuandika faraghani. Magombo mengi yaliyosalia leo ni ya karne ya 18, ya 19 na ya 20, maana ngozi inayovaliwa mwilini huchakaa kwa jasho na mafuta.

Yalisafirije basi hata yakafika London na Paris? Mengine yaliuzwa na wenyewe. Mengine yalichukuliwa. Mwaka wa 1868 jeshi la Waingereza chini ya Robert Napier liliiteka ngome ya Maqdala, na Mfalme Tewodros wa Pili akajiua asikamatwe. Tewodros alikuwa amekusanya huko maandiko mengi ya ngozi kwa ajili ya kanisa alilotaka kulijenga. Askari waliyatwaa pamoja na misalaba na mataji. Husemwa kwamba zilihitajika tembo 15 na nyumbu karibu 200 kuibeba mizigo hiyo. Maandiko yapatayo 350 yalikwenda katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambalo lilikuwa na mtu wake msafarani, Richard Holmes, aliyekwenda kwa kazi hiyo hasa. Holmes alijitwalia pia picha ya Kristo mwenye taji la miiba, ambayo wafalme walikwenda nayo vitani. Hiyo hakuipeleka makumbusho. Ilikaa kwake, na mwaka wa 1917 ikauzwa mnadani London.

Wafaransa walikuja baadaye, na kwa kalamu badala ya bunduki. Msafara wa Marcel Griaule, uliovuka Afrika kutoka Dakar hata Djibouti tangu 1931 hata 1933, ulikaa Gondar miezi mingi. Katika kanisa la Abba Antonios ulizibandua picha za kale ukutani na kubandika mahali pake nakala mpya zilizochorwa na mchoraji wa msafara. Ulikusanya pia mamia ya maandiko ya ngozi, magombo yakiwamo, nayo yakaenda Paris.

Huko yamekunjuliwa. Gombo lililokaa miaka 50 gizani katika mrija wa ngozi, kifuani pa mtu, sasa limenyoshwa wima nyuma ya kioo, taa imeelekezwa juu yake, na wageni hupita wakisema rangi zake ni za kupendeza. Siwalaumu wageni hao. Bila kioo kile wewe na mimi tusingeyajua haya, na wataalamu waliosoma maandishi yake wamefanya kazi ya maana. Ila macho yale makubwa yangali wazi, nayo sasa hutazama watu ambao hayakuandikiwa.

Wanaoorodhesha magombo katika maktaba hutafuta kwanza wekundu, kwa maana ndipo lilipo jina. Hukuta majina kama Walatta Maryam, yaani Binti wa Mariamu, ama Walatta Sellase, Binti wa Utatu. Hukuta pia magombo yenye nafasi tupu mahali pa jina, yaliyoandikwa tayari kwa ajili ya soko na ambayo hayakupata mwenyewe. Na mara nyingi hukuta mahali ambapo ngozi imekwanguliwa kwa kisu na jina la pili kuandikwa juu ya la kwanza, maana gombo lilikuwa ghali na binti alilirithi kwa mama. Aliyeandika upya hakuweza kuirefusha ngozi. Ikiwa binti alimpita mama yake kwa kimo, gombo halikumfikia nyayo, naye alilivaa vivyo hivyo.